Palilia Kunde Mapema, Umlinde Mtoto

Ukurasa huu ni wa afya. Lakini leo tutazungumza juu ya jembe. Huenda ukauliza: jembe na afya vinahusiana vipi? Jembe ni kazi ya bwana shamba. Afya ni kazi ya bwana afya.

Fikiri kidogo. Mtoto hali dawa kila siku. Mtoto hula chakula kila siku. Chakula hicho hutoka shambani. Shamba likishindwa, zahanati peke yake haiwezi kumlinda mtoto.

Jambo hili si geni. Mwaka 1973 wananchi wa Tanzania walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kusoma vitabu vya kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1975 walikusanyika tena kwa kampeni ya Chakula ni Uhai. Majina ya kampeni hizo mbili, ukiyasoma pamoja, yanatufundisha jambo moja. Mtu hana afya bila chakula.

Leo tutaeleza zao moja, nalo ni kunde. Tutaeleza jinsi ya kulima shamba lake na jinsi ya kuzuia magugu. Neno kuu la somo letu ni hili: kunde zilizopaliliwa mapema hulisha mtoto. Kunde zilizochelewa kupaliliwa hulisha magugu.

KWA NINI KUNDE?

Katika mkoa wa Tanga, kutoka Mkinga hadi Pangani, na kutoka Muheza hadi Handeni, watu wengi hula ugali wa mahindi au bada ya muhogo. Vyakula hivi hutia nguvu. Mtu akila anashiba na anaweza kulima. Lakini kushiba si sawa na kujengeka mwili.

Mwili wa mtoto ni kama nyumba inayojengwa. Nguvu ni fundi. Lakini fundi bila matofali hawezi kujenga. Matofali ya mwili huitwa protini. Protini hupatikana katika samaki, nyama, mayai, maziwa, na jamii ya kunde.

Tazama tofauti. Katika gramu 100 za kunde kavu kuna protini kama gramu 23. Katika gramu 100 za mahindi makavu kuna protini kama gramu 9. Katika gramu 100 za unga wa muhogo kuna gramu 1 au 2 tu. Kwa hiyo nyumba inayokula bada bila kitoweo hujaza tumbo, lakini haijengi mwili.

Nyama ni ghali. Samaki hapatikani kila siku, hasa kwa wanaokaa mbali na bahari. Lakini kunde unaweza kuzipanda mwenyewe nyuma ya nyumba yako. Tena kunde na mahindi husaidiana. Kinachopungua katika mahindi kimo katika kunde. Ukila vyote pamoja, mwili unafaidika zaidi kuliko ukila kimoja peke yake.

Kunde zina ndugu zao: choroko, mbaazi, maharage na dengu. Dengu tunazonunua dukani kwa kupikia bajia hulimwa sana mikoa ya Shinyanga na Mwanza na jirani zake, katika udongo mweusi wa mbugani. Huko hupandwa mvua zinapokaribia kwisha, nazo hukua kwa unyevu uliobaki ardhini. Mkulima wa dengu anajua vizuri kwamba gugu moja likinywa maji yale machache, dengu zitakauka. Sisi wa pwani tuna mchanga unaopitisha maji upesi. Kwa hiyo funzo la mkulima wa dengu linatufaa na sisi wa kunde.

MAGUGU NI MWIZI

Magugu huiba vitu vinne shambani.

Kwanza, huiba maji. Mizizi ya magugu hunywa maji yale yale ambayo kunde ingekunywa.

Pili, huiba chakula cha udongo. Mbolea uliyoitia kwa taabu huliwa na magugu.

Tatu, huiba mwanga wa jua. Mmea uliofunikwa na magugu hurefuka bila nguvu, na hauzai maganda mengi.

Nne, huiba nafasi, kisha hukaribisha wezi wengine. Vidukari na wadudu wengine hujificha katika magugu, halafu huhamia katika kunde.

Mwizi huyu haji usiku. Anakuja mchana, na sisi tunamtazama. Tunasema, "Yangali madogo, nitapalilia wiki ijayo." Lakini wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Na gugu ling'oe lingali changa.

WIKI SITA ZA KWANZA

Kunde ikiwa changa haiwezi kushindana. Majani yake ni machache na ardhi iko wazi. Dengu ni dhaifu zaidi, kwa sababu hukua polepole mwanzoni. Magugu hayana udhaifu huo. Mengi huota siku chache baada ya mvua na hukua upesi.

Kwa hiyo wiki 6 za kwanza tangu kunde kuota ndizo wiki za vita. Shamba likiwa safi katika wiki hizo, kunde hutandaza majani na kufunika ardhi. Hapo kivuli cha kunde ndicho kinachopalilia. Magugu yanayoota chini yake huwa manyonge.

Shamba likiwa chafu katika wiki hizo, hasara imekwisha ingia. Ukipalilia mwezi wa tatu, shamba litapendeza kwa macho, lakini kunde hazitarudisha maganda yaliyopotea. Majaribio ya kilimo katika nchi nyingi za Afrika yameonyesha kwamba magugu yakiachwa kabisa, nusu ya mavuno ya kunde au zaidi inaweza kupotea.

TUFANYE HESABU

Chukua kalamu, tufanye hesabu pamoja. Huu ni mfano tu.

Tuseme kuna mashamba mawili ya ukubwa mmoja, na mbegu ni moja. Shamba la kwanza lilipaliliwa mara mbili kwa wakati wake. Lilitoa madebe 4 ya kunde. Shamba la pili lilipaliliwa mara moja, tena kwa kuchelewa. Lilitoa madebe 2.

Tofauti ni madebe 2. Tuseme debe moja ni kilo 16. Basi madebe 2 ni kilo 32.

Tuseme mtoto mmoja anapikiwa gramu 50 za kunde kavu kwa siku, yaani kama ukufi mmoja uliojaa. Kilo 1 inatosha siku 20. Kilo 32 zinatosha siku 640. Kama nyumba ina watoto watatu, gawanya kwa 3. Utapata siku 213. Hizo ni kama miezi 7.

Watoto watatu, miezi 7. Hicho ndicho chakula kilicholiwa na magugu. Siku chache za kupalilia zingekiokoa.

KULIMA KABLA YA KUPANDA

Vita ya magugu huanza kabla ya mbegu kuingia ardhini. Namna unavyotayarisha shamba ndiyo inayoamua utapalilia sana au kidogo.

Usichome moto. Watu wengi hufyeka, hukusanya na kuchoma. Moto hula majani makavu ambayo yangefunika udongo na kuurutubisha. Mbegu za magugu zilizo chini ya udongo haziungui. Mvua ikinyesha, udongo ulio wazi huchukuliwa na maji, na magugu huota yale yale.

Lima mapema, kisha subiri. Tifua shamba mvua za kwanza zinapoanza. Acha siku 10 hadi 14. Magugu yataota kwa wingi. Usisikitike, kwani hivyo ndivyo unavyotaka. Sasa pitisha jembe juu juu, uyakate yote, kisha panda siku hiyo hiyo au kesho yake. Magugu yale yameota na kufa kabla kunde haijatoka. Usichimbe tena kwa kina. Ukichimba kwa kina mara ya pili, utapandisha juu mbegu nyingine zilizokuwa zimelala chini.

Ijue ndago. Ndago ina viazi vidogo vyeusi chini ya ardhi. Ukiikata juu, inarudi baada ya siku chache. Ukiikatakata ovyo ukaivuta huku na huku, unaipanda shamba zima. Ndago huchimbwa wakati wa kiangazi, mwezi wa Januari na Februari, kabla ya masika. Chimba, kung'uta udongo, na uviache viazi vyake vikauke kabisa juani. Fanya hivyo hivyo kwa sangari. Mizizi yake mirefu ivutwe yote, ikaushwe, kisha itolewe shambani.

Je, ni lazima kutifua shamba lote? Si kila mara. Hapa jirani wengi hubishana, na kila mmoja ana sehemu ya ukweli.

Kama shamba liko kwenye mteremko, kama yalivyo mashamba mengi ya Muheza chini ya milima ya Usambara, kutifua kote kila msimu huufanya udongo uchukuliwe na maji. Hapo ni heri kufyeka, kuacha majani yaliyofyekwa yawe matandazo, na kufungua mashimo ya mbegu tu. Matandazo huzuia jua, hutunza maji, na hupunguza magugu yanayotokana na mbegu.

Lakini sikiliza vizuri. Anayelima kidogo anadaiwa palizi zaidi, hasa mwanzoni. Asiyetifua na asipalilie, havuni. Na kama shamba limejaa ndago au sangari, usianze na njia hiyo. Lisafishe kwanza kwa jembe msimu mmoja, kisha ndipo upunguze kulima.

KUPANDA KWA MISTARI

Pwani yetu ina misimu miwili ya mvua: masika na vuli. Wakulima wengi hupanda kunde mwishoni mwa masika, mwezi wa Mei, au katika mvua za vuli. Kunde zikipandwa katikati ya mvua kubwa, majani huwa mengi na maganda huwa machache. Tena palizi huwa ngumu, kwa sababu gugu lililong'olewa hushika tena udongo wenye maji.

Panda kwa mistari. Kwa kunde zinazosimama, acha sentimita 50 kati ya mstari na mstari. Hizo ni kama shibiri mbili na kidogo. Kati ya shimo na shimo acha sentimita 20, karibu shibiri moja. Kwa kunde zinazotambaa, ongeza nafasi ya mistari hadi sentimita 75.

Mstari una faida mbili. Jembe hupita bila kuumiza mmea. Na kunde zikiwa karibu vya kutosha hufunga mstari upesi, zikayanyima magugu mwanga. Anayemwaga mbegu ovyo hawezi kutumia jembe. Atainama na kung'oa kwa mkono mpaka mgongo uume.

PALIZI MBILI NA MACHO MAKALI

Palizi ya kwanza. Palilia wiki 2 baada ya kunde kuota. Usisubiri shamba liwe la kijani. Magugu yakiwa na urefu wa kidole, jembe linayakwangua kwa urahisi.

Palizi ya pili. Palilia tena katika wiki ya 4 au ya 5, kabla ya maua kutoka.

Baada ya hapo. Maua yakitoka, weka jembe chini. Jembe hukata mizizi na kuangusha maua, na ua lililoanguka ni ganda lililopotea. Pita ukiwa na macho makali, ung'oe kwa mkono magugu makubwa tu, hasa yanayokaribia kutoa mbegu.

Shika na mambo haya:

1. Kwangua juu juu, kina cha vidole viwili au vitatu. Mizizi ya kunde iko karibu. Ukichimbua mmoja kwa upole utaona vinundu vidogo juu yake. Pasua kinundu kimoja. Ukikuta rangi ya waridi ndani, kinafanya kazi. Ndani yake wamo vijidudu vyema vinavyochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Ni kiwanda cha mbolea kisicholipiwa, kwa hiyo usikikate.

2. Palilia siku ya jua, umande ukishakauka. Magugu yatanyauka upesi. Tena ukipita katika majani yaliyolowa, unaweza kubeba ugonjwa kutoka mmea mmoja hadi mwingine.

3. Magugu yenye kutambaa na kushika tena mizizi usiyaache kati ya mistari. Yatoe nje ya shamba.

4. Usiache gugu litoe mbegu. Gugu moja la leo ni mamia ya magugu ya mwakani.

5. Wakati wa kuvuna, usivute mashina. Yakate, mizizi ibaki ardhini. Zao litakalofuata litapata faida yake.

Tena si kila kinachoota ni adui. Mchicha, mchunga na mnavu huota bila kupandwa. Ukiving'oa vingali vichanga, ni mboga ya mchana. Lakini usichume mboga katika shamba lililopuliziwa dawa.

KIDUHA, MWIZI ALIYE CHINI

Yako magugu ambayo hayashindani na zao tu, bali hunyonya mizizi yake. Kiduha ni mojawapo. Wakulima wa Muheza na sehemu nyingine za pwani wanakijua. Hutoa maua mazuri mekundu katika shamba la mahindi, mtama au mpunga wa nchi kavu, huku mahindi yakidumaa na kuwa kama yamekosa mvua. Mche mmoja hutoa mbegu nyingi mno, maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi. Mbegu hizo huweza kukaa ardhini kwa miaka mingi zikingoja mahindi.

Hapa kunde ni rafiki mkubwa. Mizizi ya kunde huiamsha mbegu ya kiduha chekundu. Mbegu inaota, inatafuta mzizi wa mahindi, haiupati. Haiwezi kuunyonya mzizi wa kunde. Inakufa kwa njaa. Kwa hiyo ukibadilisha mazao, mwaka huu mahindi na mwaka ujao kunde, unapunguza kiduha ardhini.

Lakini kunde nayo ina mnyonyaji wake. Ni jamaa ya kiduha, lakini ana maua ya njano. Hunyonya kunde, karanga, njugu mawe na hata dengu. Ukimwona, mng'oe kabla hajatoa mbegu, umtoe shambani na umchome. Msimu unaofuata usipande kunde wala karanga hapo. Panda mahindi au muhogo, maana hawezi kuvinyonya. Hivyo kila zao litasafisha njia ya mwenzake.

DAWA ZA MAGUGU: FAHAMU HATARI

Siku hizi madukani kuna dawa za kuua magugu. Zinapunguza kazi ya jembe. Lakini ni sumu, na ukurasa wa afya hauwezi kunyamaza.

Usichukue dawa ya jirani yako wa mahindi. Dawa nyingine za mahindi zimetengenezwa kuua mimea yenye majani mapana na kuyaacha mahindi. Kunde ina majani mapana, na dengu, mbaazi na maharage ni wa ukoo huo huo. Utaua shamba lako kwa mkono wako. Muulize bwana shamba au bibi shamba kwanza, na usome karatasi ya chupa yote. Umejifunza kusoma. Hapo ndipo kusoma kunapookoa maisha.

Usinunue dawa iliyopimwa katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu haulizi. Iko dawa iitwayo parakwati ambayo funda moja linaweza kumwua mtu mzima, na hakuna dawa ya kuiondoa sumu yake mwilini. Usihifadhi dawa yoyote ya shamba jikoni wala uvunguni mwa kitanda. Chupa tupu usichotee maji wala usitilie mafuta, hata ukiiosha mara kumi. Itoboe isitumike tena, na umwulize bwana shamba mahali pa kuipeleka.

Anayepulizia avae viatu vilivyofunika mguu, suruali, shati la mikono mirefu na mipira ya mikono, na afunike pua na mdomo. Asipulizie wakati wa upepo. Asile wala kuvuta sigara akiwa kazini. Mama mjamzito, mama anayenyonyesha na watoto wasikaribie kabisa. Mtu akimeza sumu au ikimwingia machoni, mpelekeni zahanati mara moja pamoja na chupa yenyewe, ili mganga aone jina la dawa.

AFYA YA ANAYEPALILIA

Tumesema mengi juu ya afya ya kunde. Sasa tuseme juu ya afya ya mwenye jembe.

Vaa viatu. Minyoo ya safura huingia mwilini kwa kutoboa ngozi ya miguu, hasa katika udongo wenye unyevu na kivuli mahali watu walipojisaidia. Safura hunyonya damu. Mtu mwenye safura huishiwa damu, huhema, na hawezi kumaliza hata mstari mmoja. Basi tumia choo, hata ukiwa shambani chimba shimo na ufukie. Lala ndani ya chandarua. Malaria ya wiki moja wakati wa palizi ni mavuno ya msimu mzima.

Na neno hili ni la akina baba. Katika nyumba nyingi baba hulima mara ya kwanza, kisha husema, "Palizi ni kazi ya mama." Mama huyo huyo huchota maji, hutafuta kuni, hupika, na ana mtoto mgongoni. Pengine ana mimba. Palizi inachelewa kwa sababu mama ana mikono miwili tu. Na wakati anapalilia juani tangu asubuhi hadi alasiri, mtoto aliyebaki nyumbani anakula mara moja, tena uji mtupu.

Kwa hiyo palizi iliyoachiwa mtu mmoja inamwumiza mtoto mara mbili. Mara ya kwanza leo, kwa kukosa kulishwa. Mara ya pili mwezi wa mavuno, kwa kukosa kunde. Baba akishika jembe asubuhi mbili, kazi imekwisha. Jirani nao wanaweza kwenda kwa ujima: leo kwako, kesho kwangu. Shamba la robo eka likipata watu 6, linamalizika kabla jua halijawa kali.

KUNDE ZIFIKE SAHANINI

Kuvuna peke yake hakutoshi. Wako watu wanaopalilia vizuri, wanavuna vizuri, kisha wanauza kunde zote wakarudi kwenye bada na chumvi. Kuuza si kosa. Lakini kwanza tenga debe la watoto. Kilichozidi ndicho kiende sokoni.

Loweka kunde usiku, mwaga maji, kisha chemsha mpaka ziive sana. Kwa mtoto aliyetimiza miezi 6, toa maganda, ponda ziwe laini, tia tui la nazi kidogo, na uchanganye na uji au ugali laini. Endelea kumnyonyesha mpaka atimize miaka 2 au zaidi. Majani machanga ya kunde pia ni mboga nzuri. Yanasaidia macho na damu. Lakini chuma machache kwa kila mmea, ili maganda yasipungue.

Baada ya kula, mpe mtoto chungwa, embe au maji ya limau. Muheza hatukosi machungwa. Tunda hilo huusaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika kunde. Chai isinywewe pamoja na chakula, kwa sababu hupunguza madini hayo.

Jua dalili za hatari. Mtoto akivimba miguu, nywele zake zikibadilika rangi na kung'oka kwa urahisi, akiwa mnyonge na hataki kula, huenda ana kwashakoo. Jina hili la ugonjwa lilitoka Ghana. Daktari Cicely Williams alilieleza mwaka 1935. Kwa watu wa huko ni ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Leo tunajua kuwa sababu zake si moja. Chakula duni, kuharisha, na maradhi ya mara kwa mara vyote huchangia. Usimpeleke mtoto kutafuta mchawi. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Huko watampima mkono kwa utepe. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mzunguko wa mkono ukiwa chini ya sentimita 11 na nusu, hiyo ni hatari kubwa. Kunde za nyumbani haziwezi kumponya peke yake akifikia hapo. Kazi ya kunde ni kumzuia asifike hapo.

MANENO YA MWISHO

Ndugu msomaji, msimu ujao ukiona magugu ya urefu wa kidole kati ya mistari ya kunde, usipite. Usiseme wiki ijayo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kumbuka ile hesabu yetu: watoto watatu, miezi 7. Chukua jembe, mwite na mwenzako, muanze.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni vitu gani vinne ambavyo magugu huiba shambani?

2. Kwa nini wiki 6 za kwanza ni muhimu kuliko wiki za baadaye?

3. Shamba lenu lina ndago, sangari au kiduha? Kila kimoja mtakiondoaje?

4. Katika kijiji chenu nani hupalilia? Kazi hiyo inaweza kugawanywaje ili watoto wasikose chakula cha mchana?

5. Pigeni hesabu: kama nyumba ina watoto wanne na kila mmoja anakula gramu 50 za kunde kwa siku, debe moja la kilo 16 litatosha siku ngapi?